Yosefu Ondiek na Mlango wa Namba Tisa

Jina lake kamili ni Yosefu Ondiek Oketch, na alikuwa na nyumba. Hili linatangulizwa hapa mwanzo kwa sababu tangu siku ya msiba simu hazikunyamaza kule Kampala, kila anayepiga akiuliza jambo lile lile: mtu asiyejenga, tutamzika upande gani wa boma? Sote tuliokaa hapa tunajua desturi. Mwanamume mwenye watoto huingizwa kwanza ndani ya nyumba yake, akalala humo, ndipo akazikwa kando yake. Asiyejenga huwekwa pembeni, karibu na ua, kama kijana aliyekufa kabla ya kuoa. Kwenye simu jambo hili limejibiwa mpaka sauti imekauka. Atakayesoma hapa asome yote, asiruke, na mwenye swali angoje mpaka mwisho.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Septemba 1943 hapa hapa Ugenya, upande wa Ukwala, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Oketch na mama yetu Akumu. Watoto walikuwa watano. Amebaki mmoja, dada yake mkubwa Awiti, ambaye alimbeba mgongoni na sasa amemleta akiwa ndani ya jeneza.

Alianza shule ya misheni mwaka 1952, akasoma hadi darasa la sita. Awiti hakupelekwa shule. Alichunga ng'ombe ili yeye asome. Lakini Ondiek alikuwa na haki moyoni tangu utotoni. Kila alichofundishwa mchana alikuja kukiandika kwa mkaa kwenye ukuta wa nyuma ya jiko, akimwambia dada yake, "Hii inaitwa A. Ishike kabla mama hajaifuta." Mama alipouona ukuta aliwachapa wote wawili. Herufi alizonazo Awiti mpaka leo ni zile za mkaa, na ndizo zilizoandika haya.

Mwaka 1962 alipanda gari la moshi kwenda Kampala, akafikia Luzira kwa mjomba aliyefanya kazi bandarini Port Bell. Mwaka uliofuata, mwezi wa Mei, alipata kazi ya kufagia katika nyumba ya kupanga mtaani Nakasero, mali ya Mzee Fadhul, Mhindi mfanyabiashara wa vitambaa. Wengi wenu hamjaiona nyumba ile, kwa hiyo mwelezwe. Ni ghorofa nne, nyeupe, pembe zake zimeviringwa kama mkate wa boflo. Ngazi zake ni za mawe yaliyosagwa na kung'arishwa, na roshani zina vyuma vilivyopindwa kama maua. Mlikuwa na makao kumi na sita, kila moja na mlango wa mvule, na kila mlango na namba yake ya shaba. Ondiek alisugua ngazi kwa nta ya mishumaa, na kila Jumamosi alitia mafuta bawaba za milango yote kumi na sita. Mzee Fadhul alikuwa akisema mlango ukilia, hata mgeni anajua mwenye nyumba ni mvivu.

Tarehe 20 Aprili 1968 alifunga ndoa na Nangila, binti wa Busia, aliyekuwa mcheshi kuliko yeye na mwenye ulimi kuliko mawifi zake. Mungu aliwapa watoto wawili, Oketch na Nerima. Waliishi kwenye chumba cha nyuma ya ngazi, mpaka mwaka 1972 Wahindi walipoamriwa kuondoka. Asubuhi ya kuondoka, Mzee Fadhul alimwita Ondiek barabarani, gari likiwa linanguruma, akamkabidhi pete yenye funguo kumi na sita.

"Yusufu," alimwambia, kwa maana ndivyo alivyomwita, "ingia namba tisa na familia yako. Kaa humo mpaka nirudi."

Ndugu waombolezaji, maisha yote ya mtu huyu yamo katika maneno hayo. Mwingine angesikia namba tisa. Ondiek alisikia mpaka nirudi. Wakenya wengi walirudi kwao miaka ile mibaya, naye aliitwa na kila mtu arudi, ajenge. Jibu lake lilikuwa moja: "Mwenye nyumba hajarudi. Nitaacha funguo kwa nani?"

Vita vya mwaka 1986 vilipokwisha, jumba lilijaa familia za askari, wengi wao wa kutoka kaskazini. Walikuwa watu wazuri, lakini walikuwa na njaa kama sisi wote. Umeme ulikuwa umekatika, mkaa haukufika mjini, na watoto walitaka kula. Ndipo milango ikaanza kuingia jikoni. Ilianza ya ghorofa ya nne, ikaja ya tatu. Kufikia katikati ya mwaka 1987 milango saba ilikuwa imepikia maharagwe, na wenye makao hayo walikuwa wametundika mablanketi ya jeshi.

Siku moja Sajini Oloya, jirani wa namba kumi, alisimama mbele ya namba tisa na shoka. Ondiek akajiegemeza mlangoni.

"Mzee, toka kwa mlango," alisema Oloya. "Watoto nataka kula."

"Afande, mlango huu si wangu."

"Kama si yako, unalilia nini?"

"Mwenyewe aliniambia anarudi."

Oloya alicheka hadi akashusha shoka. "Wewe mzee ni kichwa maji kabisa. Huyo Muhindi hawezi rudi. Na mimi, watoto yangu itakula nini leo? Itakula maneno yako?"

Ondiek aliona kwamba mwenzake amesema kweli. Akaingia ndani, akatandua shuka, akatoa kitanda chake mwenyewe, kipande kwa kipande, akamkabidhi afande pale kwenye ngazi. Nangila alirudi kutoka kisimani akakuta godoro liko sakafuni na mlango upo mahali pake.

"Kitanda changu cha ndoa kiko wapi?"

"Kinachemka."

Jioni Joska, mke wa Oloya, alileta sahani ya maharagwe kwa shukrani. Nangila aliyaonja, akatafuna polepole, akasema, "Yana ladha ya kitanda changu." Wakacheka wote, na Joska akawa rafiki yake mpaka kifo. Walilala chini miaka miwili. Toka siku hiyo hakuna mlango mwingine uliopasuliwa, kwa sababu Oloya mwenyewe ndiye aliyekaa kwenye ngazi akiwaambia wenzake, "Gusa mlango ya huyu mzee uone." Milango ilibaki tisa.

Mwezi wa Machi 1994 alikuja mwanamke mwenye mvi chache na miwani mikubwa, na karatasi za kurudishiwa mali. Alikuwa Kaltumi, binti wa Mzee Fadhul, aliyeondoka akiwa msichana wa shule. Ondiek alimfahamu kwa mwendo. Aliingia ndani akatoa ile pete ya funguo, akaimimina mezani, zote kumi na sita, zikiwa zimepakwa mafuta.

"Lakini Yusufu, milango iko tisa tu," alisema Kaltumi.

"Hizi saba hazina milango. Lakini baba yako alinipa funguo kumi na sita." Kisha akauliza swali alilokuwa amelibeba miaka ishirini na miwili. "Anarudi lini?"

Kaltumi alivua miwani. "Baba alifariki mwaka 1981, Mzee."

Ondiek alikwenda akakaa kwenye ngazi. Miaka kumi na mitatu alikuwa amemngoja mtu aliyekwisha kuzikwa, na miwili katika hiyo aliilala sakafuni. Nangila alimfuata, akakaa kando yake. Alfajiri Ondiek akachukua ndoo yake ya bati, akapiga deki kama siku zote.

Hapo ndipo angejenga. Hili lisemwe wazi, kwa kuwa wasifu wa kusifu tu haumsaidii maiti. Mwenye nyumba hakuwapo tena wa kungojwa, na Ondiek alikuwa na miaka hamsini, mwenye nguvu. Kila Desemba alikuja hapa Ugenya, akapima kiwanja kwa hatua, akapigilia vigingi, akarudi kufagia. Mchwa walikula vigingi. Mwaka 2003, tarehe 3 Julai, Nangila alifariki kwa homa ya mapafu, akaletwa nyumbani, na kwa kuwa mumewe hakuwa na nyumba, alizikwa bomani kwa mama mkwe wake kama mgeni aliyezidiwa njiani. Ondiek alisimama kaburini bila kuinua uso. Dada yake alimwambia maneno makali mbele za watu siku ile. Njiani kurudi Kampala, ambako dada yake naye alikuwa akiishi, ndipo alipofungua kinywa.

"Dada, nimechoka na nyumba. Nimefagia moja tangu ujana wangu. Hata kuwaza ya pili kunanichosha."

Awiti alimjibu kwamba uchovu si ugonjwa. Leo ana miaka themanini na minne na anajua kwamba ni ugonjwa, tena hauna hospitali.

Mwaka 2009 wapangaji wote waliombwa kuondoka kwa amani, kwa kuwa Kaltumi alikuwa ameamua kuligeuza jumba kuwa hoteli. Si hoteli ya kulala mtu na shehena yake. Ni hoteli ya vyumba kumi na sita, taa za rangi ya asali, viti ambavyo mtu anaogopa kuvikalia, na mgeni anayekuja kulala ili apige picha ya ngazi. Waliacha ngazi na roshani, wakang'oa milango, maana siku hizi mlango unafunguliwa kwa kadi kama ya benki. Milango minane ya mvule ililazwa, ikawekwa miguu na vioo juu, ikawa meza za baa. Mpaka leo watu wanaweka bilauri juu ya namba mbili na namba saba bila kujua ni kitanda cha nani kilichoiokoa.

Wa tisa Ondiek aliuomba. Kaltumi alimpa, pamoja na bawaba, fremu na ufunguo wake. Akaufikisha mtaani Kyebando nyumbani kwa dada yake juu ya mkokoteni wa kubebea matofali, mwenyewe akitembea kando akiushika kama anayempeleka mgonjwa zahanati.

Awiti alikuwa akipaa samaki alionunua Ggaba. Akaacha kisu.

"Ondiek, umeniletea mlango bila nyumba?"

"Nyumba inafuata."

"Inafuata kutoka wapi? Imepanda mkokoteni wa nyuma?"

Uliegemezwa ukutani Kyebando, ukakaa hapo miaka kumi na sita. Kuku walitaga nyuma yake. Krismasi ulilazwa juu ya mapipa, ukatosha watu kumi na wawili. Awiti aliapa mara nyingi, na majirani ni mashahidi, kwamba siku moja ataupasua achemshie chai, na kwamba yeye hataubeba kwenda popote, hata akifa mtu. Ondiek alimsikiliza. Ikifika Jumamosi alikuja na kichupa chake cha mafuta, akapaka bawaba zisizofungua kitu, akafuta namba ya shaba kwa mkono wa shati lake.

Hoteli ilifunguliwa mwezi wa Oktoba 2011 na marehemu akaajiriwa bawabu, akiwa na koti la kijani lenye vifungo vya dhahabu. Wageni walimpenda. Walipiga naye picha, wakamwomba asimulie habari za jumba, naye alisimulia kwa heshima, mara nne, mara tano kwa siku, mpaka maneno yakamwishia utamu. Meneja alikuwa kijana wa Nairobi aitwaye Travis, mwenye adabu na mwenye haraka. Huyu Travis aliikuta ile ndoo ya bati ya marehemu pamoja na ufagio wake wa mnazi, akavitundika ukutani sebuleni na kuviwashia taa ndogo kwa juu.

Siku moja mvua kubwa iliingia mpaka chini ya ngazi na wageni wakaanza kuteleza. Ondiek alitazama huku na huku, akainua mkono, akatungua ndoo ukutani, akaanza kupiga deki akiwa na koti lake la vifungo.

"Mzee! Mzee, tafadhali, rudisha hiyo," Travis alikuja mbio. "Hiyo si ndoo!"

"Ni nini?"

"Ni sanaa."

"Sawa. Basi niletee ndoo."

Ikatafutwa hoteli nzima, stoo mpaka jikoni, haikupatikana. Travis akasimama kando akishikilia ufagio, na wageni wakapiga picha zaidi ya siku zote. Maji yalipokwisha, ndoo ikarudishwa chini ya taa yake. Marehemu alipomsimulia dada yake habari hii alicheka mpaka akakohoa, kisha akasema, "Kumbe hata mimi wamenitundika." Aliendelea kwenda kazini hata hivyo, miaka minane na nusu, mpaka hoteli ilipofungwa wakati wa korona mwaka 2020. Ilipofunguliwa, miguu ilikuwa imekwisha kukataa ngazi.

Ugonjwa wake ulikuwa wa figo, na shinikizo la damu juu yake. Alianza kuvimba miguu Februari 2023. Aliuguzwa Kyebando na dada yake pamoja na binti yake Nerima, ambaye hakuchoka, au alichoka akaficha. Kwa kipindi hicho chote hakulalamika ila jambo moja. Mwanawe Oketch ana miaka hamsini na tano, ana kazi Kisumu, ana mke na watoto, na hajasimamisha boma lake kwa sababu baba hakutangulia kujenga. "Mtoto wangu ana mvi na bado ananingoja," alisema. "Mimi najua kungoja kulivyo." Wiki ya mwisho hospitalini hakuuliza dawa wala daktari. Aliuliza, "Dada, mvua imenyesha? Mlango haujalowa?"

"Umekauka," Awiti alimjibu. "Lala."

Alifariki Jumapili tarehe 26 Januari 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka themanini na mmoja. Katika mfuko wa shati lake Nerima alikuta ufunguo.

Ndipo simu zikaanza. Wazee wa ukoo walisema kwa upole kwamba atawekwa pembeni. Wengine, kwa kuwa wakati umebana, walisema mabati manne na gunia mlangoni yatatosha kumtimizia desturi. Awiti aliwaambia hivi, na hajutii: "Ndugu yangu hapiti kwenye gunia. Mjengeni ukuta. Mlango anao." Kisha yule aliyeapa kutoubeba akaamka, akaita majirani, akafukuza kuku, na mlango ukafungwa kwa kamba juu ya gari la hoteli ambalo Kaltumi alilitoa kwa wema wake. Travis alikuja na koti la kijani, akauliza kwa adabu kama marehemu azikwe nalo. Akaambiwa, "Asante, mwanangu. Koti ni la kazi, na kazi imekwisha. Atavaa shati lake."

Mpakani Busia afisa alizunguka gari mara mbili.

"Mama, hii mlango ni ya kuuza?"

"Ni wa marehemu."

"Marehemu ana mlango?"

"Anao. Wewe unao?"

Akatazama jeneza, akatazama mlango. "Na nyumba yake iko wapi?"

"Iko mbele. Tunaifuata."

Akavua kofia, akafungua kizuizi.

Nyumba mnayoiona hapo, Oketch na vijana wa hapa waliianza Alhamisi asubuhi kwa miti, udongo na mabati. Jana mchana gari lilipofika, mlango ulionekana wazi kuwa wa mjini, umeuzidi ukuta kwa kimo cha mtoto. Oketch alishika msumeno.

"Shangazi, tuukate kidogo chini?"

"Ukiukata nitakukata wewe. Inua paa."

Wakainua paa. Ndiyo maana nyumba hiyo mbele iko juu na nyuma iko chini, kama mtu aliyenyoosha shingo. Asiyeipenda aangalie mlango. Jua lilipokuwa linazama Oketch alitia ufunguo ule uliotoka mfukoni, akauzungusha, kitasa kikaitika. Mlango ukafunguka. Haukulia hata kidogo. Watu wote walikuwa wamenyamaza, na tungesikia. Akaingizwa, akalala ndani ya nyumba yake, na dada yake akalala chini kando yake.

Ameacha mwanawe Oketch na mkewe Amito, binti yake Nerima, wajukuu saba, na dada yake Awiti. Asanteni nyote mliokuja, wa hapa na wa Kampala, Mzee Oloya uliyesafiri na fimbo yako kutoka mbali, na wewe Kaltumi uliyekuja kumzika aliyekaa na funguo za baba yako.

Ufunguo huu hautazikwa. Baada ya ibada atakabidhiwa Oketch, mbele yenu, na mwaka huu ajenge boma lake, kwa kuwa baba yake ametangulia. Wazee wameombwa, na wamekubali, kwamba Ondiek azikwe upande wa kulia wa mlango wake, na nafasi iachwe kushoto, ili siku ambayo ukoo utaona vema Nangila ahamishwe aje kwake.

Mwenye namba tisa amelala. Mungu amwache alale, wala asigongewe na mtu.